Matawi Mbele ya Lori Namba Nne

Saa kumi na moja na nusu asubuhi karani wa safari alifungua ofisi, akawasha birika la umeme, akafuta meza kwa kitambaa kilekile cha jana, akakuta kalamu aliyoiacha bila kifuniko imekauka. Akatafuta nyingine. Nje ya dirisha malori matano yalikuwa yamepangwa kwa namba, yamebeba saruji, yamefunikwa maturubai, na mvua ilikuwa ikinyesha taratibu kama mtu asiye na safari. Mbele ya lori namba mbili palikuwa pameota matawi matatu.

Yalikuwa yameota kwenye zege. Zege lenyewe halikupasuka hata kidogo, lilikuwa zima kama siku lilipomwagwa, na matawi yamesimama juu yake na majani mabichi: moja karibu na bampa, la pili hatua kumi mbele, la tatu hatua kumi tena. Mlinzi alikuwa ameyaona tangu alfajiri. Alisema panga analo, ila anamalizia chai kwanza, kwani matawi hayana miguu.

Hapa lazima nieleze desturi ya madereva, la sivyo mambo yatakuwa kizungumkuti. Lori likiharibika barabarani au likianguka, dereva akiwa bado ana nguvu hukata matawi porini na kuyalaza kwenye lami, moja moja, kwa umbali, ili anayekuja nyuma apunguze mwendo. Akiwa hana nguvu, anayefuata humkatia. Kila dereva anajua kuyasoma. Jani bichi maana yake balaa ni la sasa hivi. Jani lililokauka maana yake balaa lilishaondolewa na wenyewe wamesahau kuzoa, kwa hiyo kanyaga mafuta uende zako.

Siku hiyo lori namba mbili lilifika kona ya tano ya mteremko, kwenye ukungu, tela likateleza likalala ubavu, na dereva akavunjika mkono. Wiki iliyofuata tawi moja dogo liliota mbele ya namba tano, na namba tano ikapoteza kioo cha pembeni tu. Baada ya mwezi mmoja wa mvua hesabu ilikuwa imeeleweka uwanjani kote. Si kila lori lililootewa lilianguka, lakini hakuna lililoanguka bila kuotewa, na matawi yalivyozidi ndivyo na balaa lilivyozidi. Madereva walilizungumza jambo hilo kama wanavyozungumza pancha.

Kampuni nayo haikulala. Bosi alimnunulia mlinzi panga jipya na glovu, kisha akabandika tangazo ukutani kwamba uwanja uwe umefyekwa ifikapo saa kumi na mbili kasorobo, ili malori yasichelewe kutoka. Mlinzi alifyeka kwa bidii. Majani aliwapelekea sungura wake, wakanenepa hadi mlango wa banda ukabidi upanuliwe.

Kuhusu saa, mambo yalikuwa hivi. Zamani kidogo, Jumapili moja ya kiangazi, bosi aliipima ile barabara mwenyewe. Aliipima kwa gari lake dogo, mkewe kando yake, wakisimama hapa na pale kupiga picha milima, akatumia masaa matano. Kwa huruma aliyokuwa nayo akawaongezea malori saa moja. Tangu siku hiyo malori yakawa yanatoka saa kumi na mbili asubuhi na kutakiwa kwenye ghala la mteja saa sita mchana, jua liwake, mvua inyeshe, ukungu ushuke hadi dereva asione pua yake. Aliyechelewa mara tatu alirudisha funguo. Basi madereva wakakata waya za vidhibiti mwendo, wakawa wanateremka mlima na gia huru, na ukungu ukiwa mzito walilipita gari la mbele kwa kusikiliza. Kila mtu alijua. Bosi pia alijua, maana alikuwa na tabia ya kusema hajui lolote kabla hajaulizwa.

Kazi ya karani ilikuwa kuandika saa ambayo lori linatakiwa kufika, kwenye karatasi ya safari, mstari mmoja kwa kila lori, na dereva anatia saini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno kwa kazi ile. Mwaka mzima aliandika sita, sita, sita, sita, sita, na mkono wake haukuona neno.

Mstari wa nne ulikuwa wa mdogo wake. Mama yao alipofariki, karani alikuwa na miaka kumi na sita na huyu mdogo ana minne, na tangu hapo alimlea mwenyewe, akamfunga vifungo vya shati la shule, akamtafutia leseni, akamwombea kazi kwa bosi mpaka bosi akachoka kumwona. Madereva wenzake walimwita Mshale kwa sababu ya wembamba wake. Hakuwa na mke bado, wala deni, wala adui. Duniani pote karani alikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa akiendesha lori namba nne.

Asubuhi moja ya ukungu alifungua ofisi, akatazama dirishani, akasahau kuwasha birika. Mbele ya namba nne palikuwa na matawi tisa. Yalianzia kwenye bampa, yakavuka uwanja, yakapita chini ya geti, na la mwisho lilikuwa limesimama nje barabarani, ambako mwendesha baiskeli mmoja alilikwepa bila kugeuza shingo.

Mshale alikuwa juu ya bampa anafuta kioo. "Dada," akasema, "leo nimependelewa."

Karani hakucheka. Alikaa mezani, akavuta karatasi, akaandika mistari mitatu ya kwanza kama kawaida. Alipofika wa nne mkono uligoma. Akapiga moyo konde, akaandika nane.

Nje, matawi yakainama yote kwa pamoja. Majani yakawa ya njano, kisha ya kahawia, yakadondoka, na vijiti vikalala chini vikavu kabisa. Mlinzi, aliyekuwa tayari ameinua panga, akalishusha, akalalamika kwamba sungura hawali majani makavu na kama watu wana mabadiliko wawe wanampa taarifa mapema. Mshale alitia saini, akatoka na lori, akafika saa nane kamili. Njiani alisimama akanywa chai ameketi kwenye kiti, jambo ambalo hakulifanya tangu aajiriwe.

Kesho yake bosi alimwita karani. Kuhusu matawi hakuwa na swali, alitaka kujua hiyo nane imetoka wapi. Karani akamweleza yote, kwa heshima, mikono nyuma. Bosi hakumbishia. Alikuwa mtu wa vipimo, akasema twende tukaone. Safari iliyofuata alishuka mwenyewe hadi dirishani na mwavuli wake, akamwambia karani aandike sita, na matawi yakachipua mbele ya namba nne. Akasema andika nane, yakakauka. Akasema andika saba, yakabaki mawili. Saba na nusu, likabaki moja lenye majani matatu. Bosi aliyahesabu yale majani kwa kidole, akauliza kama saba na dakika arobaini haitoshi. Haikutosha.

"Basi ni nane," akasema. "Sasa sikiliza, mama. Mteja haangalii lori moja moja, anaangalia wastani. Wastani ukibaki masaa sita, mimi sina ugomvi na mtu. Ukimwongezea huyu, punguza kwingine. Andika unavyoona."

Akakunja mwavuli, akapanda ngazi. Karani alibaki na kalamu, na lazima nikiri kwamba alifurahi. Alijiona ameshinda.

Masaa mawili aliyompa mdogo wake ilibidi yatoke kwa malori manne mengine. Akayagawa, na kila lori likatoa nusu saa. Nusu saa ni nini? Nusu saa ni mtu anatafuta soksi. Akaandika namba nne saa nane, na wengine wote saa tano na nusu. Madereva wakatia saini bila kusoma, kwani ndiyo mazoea yao: dereva hutia saini kwanza injini ikiwaka, akasome akishafika kwenye lami. Wakigundua huko huwa hakuna wa kumgombeza ila usukani.

Aliyesoma papo hapo alikuwa mmoja tu, dereva wa namba moja. Walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Nusu ya madereva wa njia ile ndiye aliyewafundisha kubadili gia, Mshale akiwa mmojawapo, na alikuwa akisema lori ni kama mgeni, ukilisukuma litakuaibisha mbele za watu. Alivaa miwani, akasogeza karatasi karibu na pua.

"Mwanangu, hii tano na nusu ni kalamu imeteleza?"

Karani alimwambia ni agizo kutoka juu. Kusema kweli, sehemu yake ilikuwa kutoka juu.

"Haya. Kutoka juu ni kutoka juu," akasema Mwalimu, kama mtu aliyeambiwa kutakuwa na mvua. Akatia saini.

Wiki tatu zikapita. Mbele ya namba nne zege lilikuwa safi kama sahani. Mshale akanenepa mashavuni, akaanza kuimba akiendesha, na akasema barabara ile kumbe ina mto, hakuwahi kuuona. Mbele ya malori mengine matawi yaliota kila safari, mawili hapa, manne pale, na mlinzi akaomba aongezewe msaidizi. Madereva wanne wakawa na macho mekundu na maneno machache. Kioo kimoja kilivunjika, taa mbili, ubavu mmoja. Karani aliyaandika hayo kwenye daftari la matukio kwa mwandiko wake mzuri. Alijiambia kwamba ubavu mmoja si kifo.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mvua nene. Mbele ya namba moja matawi yalikuwa hayahesabiki. Yalisongamana kama kichaka, na Mwalimu ilibidi apite ubavu ubavu, begi lake la chakula kichwani, ndipo aufikie mlango wa lori. Alipofika aling'oa jani lililonasa kwenye miwani yake, akalitupa.

Karani aliona. Hakuna anayeweza kusema hakuona, maana alisimama dirishani muda mrefu hadi birika likachemka na kujizima. Akarudi mezani. Akajaribu: akampa Mwalimu sita, akamtoa Mshale kwenye nane hadi saba na nusu. Akachungulia. Kichaka cha namba moja kilikuwa kimepungua nusu. Na mbele ya namba nne palikuwa pamechomoza kijiti kimoja, kirefu kama kidole, chenye majani matatu.

Majani matatu tu. Alikitazama kijiti kile, akamtazama mdogo wake anayepuliza chai ndani ya lori, mashavu yametuna. Akachukua ufutio wa wino. Akarudisha nane, akarudisha tano na nusu, akaipuliza karatasi ili vumbi la ufutio lisionekane.

Mwalimu alitoka saa kumi na mbili. Saa nne, kwenye kona ya tano, ukungu ukiwa umefunga, lori namba moja halikukata kona. Namba mbili na namba tatu waliokuwa nyuma walisimama, wakakata matawi, wakayalaza kwenye lami kama inavyotakiwa, wakakaa ukingoni mwa barabara kumsubiri mtu ambaye hakukuwa na haja ya kumsubiri tena.

Kwenye msiba karani alikwenda na mdogo wake. Nyumba ilikuwa ndogo na imejaa watu, viatu vimerundikwa mlangoni, na mjane amekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta. Karani alimpa mkono, akampa pole, akakaa karibu naye kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine. Mjane alimshukuru kwa kuja. Akasema marehemu alikuwa akimtaja, kwamba ofisini kuna binti mwenye mwandiko safi.

"Tangu mwezi jana alikuwa ananiambia kuna nusu saa yake imepotea," mjane akasema. "Anaitafuta njia nzima, haioni. Namwambia labda umeisahau nyumbani. Tunacheka."

Karani alitazama chini. Mshale alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi, na alisikia.

Njia yote ya kurudi Mshale alikuwa akipiga hesabu. Alikuwa mzuri wa hesabu tangu utotoni, dada yake ndiye aliyemfundisha, kwa kutumia mbegu za maboga. Nusu saa mara nne ni masaa mawili. Haihitaji chuo kikuu.

Bosi alimwajiri dereva mpya wa namba moja siku ya pili baada ya mazishi, na lori jingine likapakwa namba hiyo hiyo. Dereva mpya alikuja na mto wake wa kukalia, akauliza choo kiko wapi, na kama matawi anafyeka dereva au mlinzi. Alijibiwa yote mawili akaridhika.

Asubuhi ya safari Mshale alikuja dirishani mapema, kabla ya wenzake.

"Dada, nirudishie sita yangu."

Karani alijifanya anatafuta kalamu. Alisema mvua bado haijaisha, wasubiri kiangazi. Alisema bosi mwenyewe ameruhusu. Alisema mambo mengi, moja juu ya jingine, na Mshale aliyaacha yapite yote.

"Nilikuwa naona mto," akasema. "Mwalimu yuko nyuma ya usukani anatafuta nusu saa, mimi naangalia mto."

"Nimekulea kwa mikono hii." Karani aliinua mikono yake kweli, kama mtu anayeonyesha ushahidi. "Leo unataka nikuandikie kwa mikono hii hii?"

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Bosi sijamwomba."

Machozi yalimtoka karani, na hakuyaficha. Alimchukia mdogo wake kwa dakika nzima, chuki ya kweli, kwa kukua akawa mtu mwema wakati yeye alichotaka ni awe hai tu. Kisha akavuta karatasi. Akaandika sita, sita, sita. Alipofika mstari wa nne Mshale aligeuka kutazama uwanja, ili asimtazame yeye. Akaandika sita. Akaandika na ya tano.

Matawi yakachipua mbele ya malori yote matano kwa wakati mmoja, kwa haki kabisa, matatu kwa kila lori. Mlinzi akashukuru Mungu kwa utaratibu, akaenda kuchukua panga. Lakini Mshale alimwambia asijisumbue. Akaenda mbele ya namba nne, akang'oa matawi yake yote, akayakung'uta maji, akayapanga nyuma ya kiti cha dereva.

"Nikiyahitaji huko, nitaanza kuhangaika porini na mvua hii?" akasema. "Afadhali niwe nayo."

Wenzake wakaona ni akili. Dereva wa namba mbili akang'oa yake, na wa tatu, na wa tano, na yule mpya akauliza yanakaa upande gani, akaonyeshwa. Saa kumi na mbili kamili malori yakatoka geti moja baada ya jingine, kila moja na mzigo wake wa saruji na matawi yake matatu, yakaingia kwenye ukungu. Uwanja ukabaki safi. Bosi alipopita alisimama, akausifu, akasema hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa, na kwamba ataandika tangazo ili iwe utaratibu wa kudumu.

Karani alikaa na simu. Saa tatu hakunywa chai. Saa nne, ule wakati wa kona ya tano, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akabaki hivyo hadi saa nne na nusu. Saa tano mlinzi aliingia kuomba chumvi, akamkuta anasema peke yake, akatoka bila chumvi. Sita kasoro dakika nne simu ikalia.

"Nimefika, dada," akasema Mshale. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshikilia kitu kizito kwa muda mrefu na vidole bado havijanyooka. "Wote tumefika. Nikalale kidogo."

Karani aliitikia kwa kichwa kwenye simu kama vile angeonekana, akaiweka chini taratibu, akacheka, akalia, akajifuta kwa kile kitambaa cha meza. Mlango ukafunguliwa na bosi akaingia, ameshapata habari kutoka ghalani, uso unameta kwa furaha.

"Si unaona?" akasema. "Wote watano, na dakika nne za ziada. Masaa sita yanatosha. Ni woga tu ulikuwa unatusumbua."

Akaweka mezani karatasi mpya ya safari ijayo, akapigapiga mgongo wa kiti cha karani kwa wema, akaondoka akipiga mluzi. Karani alifungua kalamu. Akaandika sita, sita, sita, akavuta pumzi, akaandika sita. Nje, mahali pa namba nne, ambapo lori lenyewe lilikuwa bado halijarudi, tawi la kwanza likachomoza kwenye zege tupu, na mvua ikaanza kulinyeshea.